Mbwa wangu wa miaka minne anarukia kila mtu na haji akiitwa: je, bado anafundishika?

*"Tuna mbwa dume wa miaka minne, chotara wa German Shepherd, kilo 32, anaitwa Tomi. Tulimpokea mwaka jana kwa jamaa aliyehama Dar es Salaam. Mchana yuko bandani. Saa tatu usiku tunamfungulia alinde, saa kumi na moja alfajiri tunamrudisha. Akifunguliwa anakimbia ovyo na kumrukia kila anayemwona. Amemwangusha mwanangu wa miaka sita mara mbili. Mama mkwe wangu anaswali swala tano na hataki mate ya mbwa yamguse, kwa hiyo ameacha kuja. Nikimtoa kwa kamba ananivuta mpaka bega linauma, na akiponyoka getini haji hata nimwite nusu saa. Hajawahi kuuma mtu. Jirani anasema mbwa mzima hafundishiki, dawa yake fimbo ili ajue nani mkubwa. Mwingine anasema nimhasi atatulia. Nifanye nini?"*

Ndugu yangu, naona una hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto ataumia, na hiyo ni ya kweli, tuanze kuishughulikia leo. Ya pili ni kwamba Tomi ameshindikana. Hiyo iondoe moyoni. Mbwa wa miaka minne yuko katikati ya utu uzima wake, anajifunza vizuri, na ana nafuu moja kuliko mtoto wa mbwa: anaweza kutulia na kukazia akili jambo kwa dakika kadhaa bila kukurupukia kila nzi apitaye. Kinachomfanya awe mgumu ni kwamba tabia hizi amezirudia miaka mingi, na kila aliporudia alipata kitu.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Mbwa hurudia kinachomlipa na huacha kisichomlipa. Ukitaka kujua kwa nini Tomi anafanya jambo, angalia anapata nini sekunde moja baada ya kulifanya. Akikurukia, anapata mikono yako, sauti yako na uso wako. Hata ukimsukuma na kumfokea "Toka!", kwa mbwa aliyekaa peke yake tangu alfajiri huo nao ni mchezo. Akivuta kamba, anafika anakotaka, maana wewe unamfuata. Na je, akija ulipomwita? Alfajiri anaitwa, anafungiwa. Akitoroka anaitwa, anakamatwa, pengine anachapwa. Kwake kuja ni hasara, na amelielewa hilo vizuri sana. Tomi amefundishwa kila siku, ila aliyemfundisha hakukusudia.

Kama unadhani malipo ya chakula ni mambo ya kudekeza mbwa, kumbuka panya buku wa shirika la APOPO pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya wale hufundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi yenye kifua kikuu, kazi inayobeba uhai wa watu. Wanafundishwa kwa mlio mfupi wa kibofyo, yaani kijidude kinacholia kikibonyezwa, unaofuatwa na kitu kitamu kama ndizi. Mlio unamwambia panya, "hapo hapo umepatia", na chakula kinafuata. Njia hiyo hiyo ndiyo utakayoitumia kwa Tomi.

Sasa fimbo ya jirani yako. Wazo la kumwonyesha mbwa nani mkubwa lilitokana kwa sehemu kubwa na utafiti wa Rudolf Schenkel uliochapishwa mwaka 1947, uliohusu mbwa mwitu (wale waitwao "wolf" kwa Kiingereza) wasio wa familia moja waliofungiwa pamoja. Waligombana kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Mwaka 1999 mtafiti David Mech alieleza kwamba kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na wakubwa wanaongoza kama wazazi wanavyoongoza. Tomi hagombei cheo nyumbani kwako. Anachotaka ni kuwa karibu na watu.

Fimbo inaweza kumnyamazisha kwa muda, hilo sikatai. Shida ni kwamba huchagui mbwa atalihusisha maumivu na nini. Ukimchapa anapomrukia mwanao, anaweza kujifunza kwamba mtoto akikaribia, maumivu yanakuja. Na mbwa anayechapwa kwa kunguruma anaweza kuacha kunguruma, halafu siku moja akauma bila onyo. Hajawahi kuuma; hiyo ni hazina kubwa mno kuichezea.

Kuhusu kuhasi: linafaa kufikiriwa, lakini kwa sababu zake. Dume aliyehasiwa kwa kawaida hupunguza kuzurura akifuata majike, hupunguza kukojolea kila nguzo, na hazai watoto wasio na mwenyewe mtaani. Ila upasuaji haumfundishi kutembea kwa kamba wala kutorukia watu. Akihasiwa leo, kesho mama mkwe atarukiwa vile vile. Na kama ni mwoga, mjadili kwanza na daktari wa mifugo, maana wapo mbwa waoga ambao woga wao haupungui kwa kuhasiwa na wakati mwingine huongezeka.

Kabla ya kumfundisha lolote, tazama siku yake ilivyo. Saa 16 bandani kwa mbwa wa damu ya kuchunga ni nyingi mno. Ukimfungulia, nguvu zote zinatoka kwa mara moja, na wewe unayakuta yale unayoyaita ukichaa. Mtoe matembezi mara mbili: dakika 30 hadi 40 kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, na dakika 20 au zaidi jua likishazama. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, mchana si wakati wa mbwa mwenye manyoya mazito. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami. Kama huwezi kuuacha hapo sekunde saba, nyayo zake nazo zitaungua. Akihema kwa nguvu bila kutulia, ulimi ukawa mwekundu sana, mate yakawa mazito au akaanza kuyumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwilini, mwache anywe kidogo kidogo, na mpeleke kwa daktari haraka. Wala usimkimbize akiwa ametoka kula. Mbwa wakubwa wenye vifua virefu wako kwenye hatari ya tumbo kujaa hewa na kujisokota, na hilo huua ndani ya saa chache.

Kumkimbiza tu hakutoshi. Mbwa anayekimbizwa kila siku bila kutumia akili anazidi kuwa na pumzi, basi. Mpe kazi ya pua. Nusu ya chakula chake cha asubuhi, kama ni kikavu, kimwage kwenye majani ya uwanjani akitafute punje kwa punje. Au chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ondoa kifuniko na ile pete yake, toboa matundu matatu yanayopitisha chakula, tia chakula ndani, mwache aivingirishe. Kaa karibu, na akianza kuitafuna plastiki yenyewe mnyang'anye kwa kumbadilishia kitu kingine. Robo saa ya kunusa humchosha zaidi ya unavyodhani.

Vifaa ni vichache. Kamba ya mita mbili, mkanda wa kifuani wenye pete kwa mbele, kamba nene ya mita 10 ya pamba au nailoni laini, na filimbi. Mkanda wa kifuani ukikosekana madukani, fundi wa mabegi atakushonea kwa ukanda wa begi wa upana wa sentimita mbili na nusu. Mwambie usibane kwapani na uache nafasi ya vidole viwili. Kamba ndefu ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si shingoni, kwa sababu mbwa wa kilo 32 akikimbia na kufika mwisho wa mita 10 anaweza kuumia shingo. Na usijizungushie kamba mkononi. Bega lako linaniambia unafanya hivyo.

Kwa malipo, nunua robo kilo ya maini buchani, chemsha bila chumvi wala kitunguu mpaka yakauke ndani, kata vipande vya ukubwa wa njegere. Utapata kama vipande mia mbili, na vingine weka kwenye friza. Maini yakizidi si mazuri, yana vitamini A nyingi, kwa hiyo badilisha na mapupu au dagaa wakavu wasio na chumvi, na vitafunwa vyote visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Ugali wake punguza kidogo siku za mazoezi mengi.

Anza na neno la alama. Chagua neno fupi, mfano "Safi!" Sema "Safi", kisha ndani ya sekunde moja mpe kipande. Hafanyi chochote, anapokea tu. Rudia mara 15 hadi 20 kwa siku mbili, mpaka ukilisema anageuza kichwa kukutazama. Sasa neno hilo limekuwa mlio wa kibofyo chako. Ukichelewa sekunde tatu umelipa jambo jingine: aliketi, akasimama, ukamlipa kusimama. Wengi wanaoshindwa wanashindwa hapa.

Kisha kuketi. Weka kipande mbele ya pua, kipandishe polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikipanda, makalio yanashuka. Yakigusa chini tu: "Safi", mpe. Usiseme neno la amri bado, kwa sababu hajui maana yake. Akifanya vizuri mara kumi mfululizo, ndipo utangulize "Keti" kabla ya mkono. Vipindi viwe vya dakika tatu, mara tatu au nne kwa siku. Nusu saa mfululizo inamchosha na inakukasirisha. Na nyumba nzima mkubaliane neno moja: wewe ukisema "Keti", dada wa kazi "Kaa" na mtoto "Chini", mnamfundisha lugha tatu kwa pamoja.

Kurukia watu ndilo la haraka zaidi, kwa ajili ya mtoto. Mfunge Tomi kwenye nguzo imara kwa kamba ya mita mbili. Mtu mzima amkaribie polepole. Miguu minne ikiwa chini, "Safi", na chakula kitolewe chini, usawa wa kifua chake, ili asiwe na sababu ya kuruka. Akiruka, mtu ageuke kimya na kurudi hatua tatu, asimfikie. Hakuna kelele, hakuna kumtazama. Akitulia, mrudie. Mara kumi, kipindi kimekwisha. Akishaweza kwa mtu anayetembea polepole, jaribu kwa anayetembea haraka, kisha kwa anayecheka na kupunga mikono. Mtoto ni wa mwisho, na wakati huo kamba iwe mkononi mwa mtu mzima. Wale wanaokushauri umpige goti la kifua, usiwasikilize. Wapo mbwa wanaolichukulia kama mieleka, na wapo wanaoumia.

Jiandae kwa jambo moja. Siku chache za mwanzo atazidi. Alizoea kwamba akiruka analipwa. Sasa halipwi, ataruka juu zaidi na kubweka, akidhani hajaruka vya kutosha. Watu wengi hukata tamaa hapo hapo, wakampapasa "kidogo tu atulie", na hilo ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu wamemfundisha kwamba inabidi aruke sana ndipo alipwe. Vivyo hivyo shemeji anayekuja Jumapili na kusema "mwache, mimi napenda mbwa". Akiwa mmoja tu anayemlipa mara moja kwa wiki, tabia haifi.

Wakati huo huo, mtoto na Tomi wasiachwe peke yao hata dakika moja. Mfundishe mwanao mbwa akimjia mbio asikimbie wala kupiga kelele: asimame wima, mikono kifuani, atazame chini, mpaka mtu mzima afike. Fanyeni mazoezi hayo bila mbwa, kama mchezo.

Na mama mkwe? Yeye si wa kufanyiwa mazoezi. Kabla hajafika, Tomi awe ametembezwa, yuko bandani na chupa yake ya chakula. Nguo zake za kuswalia zibaki salama, akili yake itulie. Si lazima kila mgeni asalimiane na mbwa. Mwambie kwa simu kabla hajatoka kwake kwamba mbwa atakuwa amefungiwa, na mlitimize hilo kila mara. Imani yake itarudi kwa kuona.

Kutembea kwa kamba kuanzie ndani ya uzio. Kamba ikikaza, simama kama ulivyo. Usivute. Subiri ilegee, hata kwa yeye kugeuza kichwa tu: "Safi", mpe chakula pembeni mwa goti lako, endelea. Siku ya kwanza dakika kumi zinaweza kukupeleka mita 20, na hiyo ni kazi nzuri. Pete ya mbele ya mkanda wa kifuani husaidia, kwa kuwa akivuta mwili wake unageukia kwako. Lakini ukiwa na haraka ukamwacha avute mara moja, umelipa. Siku ya haraka ni afadhali umchezeshe ndani.

Kuhusu kuitika, achana na neno unalolitumia sasa. "Njoo" analisikia mchana kutwa likiambiwa mtoto, muuza mboga na dada, na amekwishajifunza kwamba halimhusu au lina hasara. Tumia filimbi, pulizo mbili fupi. Sauti yake ni ile ile hata apulize nani, tena haina hasira ndani yake. Wiki ya kwanza, puliza na umpe maini papo hapo akiwa miguuni pako, mara kumi kwa siku. Wiki ya pili puliza akiwa mita tano ndani ya uzio. Akija bila kusita, nenda nje na kamba ya mita 10. Akija, mpe vipande vitano kimoja kimoja, kisha mwachie aendelee kunusa. Mara tisa kati ya kumi, kuja kuishie kwa kuachiwa tena.

Na filimbi isitumike kamwe kumfungia. Wakati wa kurudi bandani ukifika, tupa chakula chake cha asubuhi ndani, mwache aingie mwenyewe. Akitoroka, usimkimbize, kwani kufukuzwa ni mchezo anaoshinda. Kimbia upande wa pili ukimwita kwa furaha, au chuchumaa ukitikisa kopo la chakula. Akirudi baada ya nusu saa, hata uwe umejaa hasira kiasi gani, mpokee vizuri. Ukimchapa unaadhibu kurudi, kwa sababu kurudi ndilo jambo la mwisho alilolifanya. Getini weka utaratibu: kabla ya geti kufunguliwa, Tomi amefungwa kamba, ameketi, ndipo.

Swali ambalo hukuuliza lakini wengi wanalo: je, mbwa anayelishwa malipo atakubali nyama ya sumu ya mwizi, na je, atapoteza ukali wa kulinda? Kubwekea mgeni usiku hakuondolewi na kujua kuketi. Mbwa anayeitika unaweza kumtuma na kumrudisha. Kuhusu sumu, unaweza kumfundisha achukue chakula baada ya neno la ruhusa tu, lakini nikwambie wazi, hakuna mafunzo ya nyumbani yanayomkinga kabisa mbwa aliye peke yake usiku na nyama mbele yake. Uzio usiorushika kitu kwa urahisi, na eneo lake la usiku kuwa karibu na nyumba mbali na barabara, vinasaidia zaidi.

Muda? Kurukia watu kunaweza kubadilika ndani ya wiki mbili hadi nne kama nyumba nzima inashikamana. Kamba, hesabu mwezi hadi miwili. Kuitika nje kwenye mbwa wengine na bodaboda, miezi mitatu hadi sita, na mimi kwa mji kama Dar es Salaam nisingemwachia bila kamba barabarani hata akihitimu.

Kabla ya yote haya mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe masikio, nyonga na kupe. Nyonga huwasumbua sana German Shepherd na machotara wao, na mbwa mwenye maumivu anaweza kuonekana mkaidi anapokataa kuketi. Hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haijapita muda. Kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Kama siku yoyote ataparura au kuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama mbwa amechanjwa, na mbwa afungiwe na kuangaliwa siku 10.

Yapo mambo ambayo hayafai kutatuliwa kwa kusoma. Tomi akikakamaa mwili mtoto anapokaribia, akinguruma juu ya bakuli au mfupa, akitaka kuuma mtu, au tabia ikibadilika ghafla baada ya miezi ya utulivu, simamisha mazoezi, mtenge na mtoto, tafuta mtu amwone kwa macho. Anza na daktari wa mifugo wa wilaya yako; kwa matatizo makubwa zaidi ya mwili kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ukitafuta mkufunzi wa kulipwa, muulize kabla ya kumpa pesa: mbwa akikosea unamfanya nini? Akitaja kumning'iniza kwa kamba, mnyororo wa kunyonga au njaa ya siku mbili, mshukuru na uondoke. Omba umwone akifanya kazi na mbwa mwingine, uangalie mkia wa mbwa huyo na kama anamsogelea mwenyewe bila kuvutwa. Na anayetaka kumchukua Tomi mwezi mzima na kukurudishia akiwa tayari, mkatalie, isipokuwa akubali pia kukufundisha wewe, mwanao na dada wa kazi, maana nyinyi ndio mtakaokuwa mnamlipa.